Nyumba Isiyotimiza Umri

6 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Na goti? Mimi mzima, ila jua linanichoma kama nimelikosea.

Usishtuke: nakuandikia kutoka kilimani kwetu. Wanataka kuchimba mgodi hapa, na sheria inadai sisi watu wa mambo ya kale tupite kwanza. Siku nne tumetembea, hatujaona kitu. Majani yamemeza kila kitu. Tulihama nikiwa mdogo, sikumbuki. Yale matanuri ya wafua chuma wa zamani mliyokuwa mkichezea, yalikuwa wapi?

Kitindamimba wako

15 Februari

Kitinda wangu,

Marahaba. Goti linalalamika kuliko mwenyewe.

Simama mlangoni pa nyumba yetu, uipe mgongo. Teremka hadi kijitoni, uvuke, upande mpaka kwenye mwamba uliopasuka. Hapo hapo! Tulikuwa tukiokota mavi ya chuma, yale masalia ya kuyeyushia, meusi, mazito, tukicheza duka. Mama yako mkubwa akiniuzia eti nyama, nami namrudishia: "Mifupa mitupu hii!" Mpaka leo nikicheka peke yangu, ujue niko huko.

Nyumba imesimama bado? Marehemu baba yako aliijenga kwa mikono yake, nami nikikanyaga udongo.

Mama yako

2 Machi

Mama,

Shikamoo. Tumeyapata! Matanuri kumi na moja. Mkuu wangu anakadiria miaka mia nane. Upande ule wote wa kijito hautaguswa, na ni kwa barua yako.

Lakini kuna jambo lazima nikwambie. Nyumba yetu iko upande wa mgodi. Nilimwomba mkuu aiingize kwenye eneo la kuhifadhiwa. Akauliza, "Ina miaka mingapi?" Nikasema hamsini na miwili. "Sheria inataka mia," akajibu kwa upole. Mstari wa mpaka kwenye ramani nimeuchora mimi, mama. Mashine zinakuja Mei. Nisamehe.

Kitinda

30 Machi

Mama, shikamoo. Mbona kimya? Unaumwa, au ni mimi?

Kitinda

12 Aprili

Kitinda,

Marahaba. Siumwi. Nilikasirika, sikufichi. Wiki baada ya wiki kalamu naiona, siishiki.

Juzi nikamwambia dada yangu twende kilimani. Tulipumzika mara sita njiani. Matanuri umeyazungushia kamba, na mlinzi akatukemea, "Bibi, hairuhusiwi kugusa!" Dada akamjibu, "Baba, tumeshagusa kabla mama yako hajazaliwa." Akacheka, akatupisha.

Kisha tukaenda nyumbani. Paa hakuna. Nikavunja kitawi, nikafagia, chumba kwa chumba. Dada akaniuliza, "Unafagia nyumba ya kubomolewa?" Nikamaliza kufagia. Nikaketi pale kilipokuwa kitanda, nikamweleza baba yako habari zako zote. Nilipofika kwenye ule mstari nikasita. Halafu nikamwambia, mwanao anaijua kazi yake.

Njoo Jumapili. Usije na kuomba radhi. Njoo na njaa.

Mama yako