Kengele ya Geti la Rogathe

Same Mjini,
9 Machi 2025

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini magoti yametulia na baridi ya huko Myamba haikutesi. Sisi hapa wazima, ni joto tu linatuchemsha. Barua hii anakuletea Yahaya, dereva wangu wa gari la tangawizi, maana Godwin anasema masikio yako yamechoka na simu huisikii tena.

Baba, nitasema bila kuzunguka. Nyumba yangu niliifungua Desemba. Mchungaji alikuja, majirani walikuja, hata ninaowadai walikuja wakala. Kiti chako kilikaa kitupu mpaka sahani zikaoshwa. Watoto wako tuko watatu. Shamba ukaligawa kwa wawili, ukasema Rogathe ataolewa. Haya. Niliteremka na gunia moja la tangawizi la kukopa, leo napakia lori. Shamba nimeacha kuliomba. Niliomba uje ukalie kiti. Hata hicho nacho ni ghali?

Kengele nimeweka getini, ukiibonyeza inalia kama ndege. Mji mzima umeisikia isipokuwa wewe.

Mwanao,
Rogathe


Myamba,
23 Machi 2025

Mwanangu Rogathe,

Marahaba. Kifua hakijambo, magoti ndiyo yananinunia. Masika yameanza. Sukari nimeipata, ahsante. Kaka yako Godwin anakusalimu. Barua nimemnyima asiisome, amezira uji.

Desemba sikuja. Nilijiuliza nitakaliaje kiti katika nyumba ambayo sikuchangia hata tofali. Kosa ni langu.

Lakini Februari nilikuja. Ilikuwa Alhamisi, nina mkungu wa ndizi mshare begani. Kengele yako niliiona. Sikuibonyeza. Huku kwetu kengele ya kanisa inaita kila mtu, ile ringi ya lori pale shuleni inaita watoto wote, na mbuzi anavishwa kengele asipotee. Kengele haisemi nani amekuja. Hodi ina sauti ya mtu, na mimi nilitaka unijue kwa sauti.

Nikapiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna aliyeitika. Mtu akishapiga ya tatu, njia anaijua. Nikauegemeza mkungu getini, nikaondoka.

Baba yako,
Eliamini


Same Mjini,
26 Machi 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Afya yako sijui nikuulize kwa mdomo gani.

Hodi niliisikia. Zote tatu. Nilikuwa jikoni. Baba, wanaopiga hodi kwangu ni wauzaji wanaoleta tangawizi bila miadi. Kengele niliiweka kwa ajili yao, nikawatangazia kwamba asiyebonyeza simfungulii. Basi nikapaza sauti palepale nilipo: "Leo hatununui! Njoo Jumatatu!"

Nilipotoka nikaukuta mkungu. Nikasema moyoni, huyu muuzaji ananilainisha. Nikaupandisha kwenye mzani, kilo kumi na tisa, nikamuuzia mama ntilie wa stendi. Tena nilimpandishia bei, kwa jinsi ulivyokuwa mzuri.

Namshukuru Mungu masikio yako yamechoka. Maneno yale hukustahili kuyasikia. Lakini mimi yangu hayajachoka, na sauti ya baba yangu imepita getini mara tatu nikaiweka kwenye fungu la wauzaji. Miaka sita tumenuniana nikidhani wewe ndiye unayepata hasara. Hesabu hiyo niliikosea tangu mstari wa kwanza.

Kengele nimeing'oa jana kwa bisibisi yangu mwenyewe. Njoo, Baba. Piga hodi hata ukiwa barabarani. Kila Alhamisi nitakuwa nimekaa getini.

Mwanao,
Rogathe


Myamba,
29 Juni 2025

Mwanangu Rogathe,

Marahaba. Baridi ya mwaka huu ni ya kuvunja vyungu, lakini tunaota moto, tupo. Nimechelewa kukujibu. Yahaya amepanda na kushuka, na kila akiuliza namwambia kalamu imeisha wino. Haikuisha.

Masikio yangu hayajachoka. Godwin ananisingizia uziwi kwa kuwa maneno yake siyajibu. Nilikusikia. "Leo hatununui." Niliandika kwamba hakuna aliyeitika kwa sababu sikutaka maneno yale yakae kwenye karatasi. Umeyaweka wewe mwenyewe.

Sikulaumu. Asubuhi ile unashuka na gunia lako, nilikuwa uani nachonga mpini wa jembe. Ulisema, "Baba, nakwenda." Ukasimama, ukangoja, mpaka gari likakupigia honi. Sikuitika. Sauti niliyokunyima siku ile, ningekudai vipi uitambue?

Ule mkungu ulitoka kwenye kona ya shamba iliyo chini ya mfereji. Kona ile nimeikata kwa jina lako, kaka zako wametia saini, mwenyekiti wa kitongoji kashuhudia. Hiyo ndiyo habari niliyokuja nayo Februari. Kwa hiyo umeuza mavuno yako ya kwanza, na kwa bei nzuri. Usilie.

Magoti yakiniruhusu nitashuka baridi ikipungua. Ila usikae getini Alhamisi, una kazi nyingi. Kengele irudishe mahali pake. Nikifika nitaibonyeza. Ikilia hiyo, hata mtu usiyemjua unamfungulia.

Baba yako,
Eliamini