Dhamana ya Mwaka Mmoja

Shikamoo Mama,

Najua umekwisha kuitikia marahaba kabla hata ya kuvaa miwani. Goti linaendeleaje? Na ule mgomba uliolalia zizi, mmeuwekea nguzo au mnangoja umwangukie ng'ombe? Mimi ni mzima wa mwili.

Usishtuke kuuona mwandiko wangu. Ulilalamika kwamba barua zangu za kuchapa zinafanana na hati za mahakamani. Basi leo umepata ulichotaka, ingawa si kwa hiari yangu. Kompyuta yangu, ile ndogo ya kubeba, imeharibika. Nilikuwa nachapa kadi ya harusi, nimefika kwenye jina la bibi harusi, kioo kikawa cheusi tii. Fundi mmoja wa Kariakoo alikimulika kwa tochi, na ajabu, maandishi yote yalikuwemo, hafifu, bibi harusi bado anasubiri jina lake.

"Mashine ni nzima," akasema, "taa ya ndani ya kioo ndiyo imekufa. Na hiyo taa hapa Bongo hupati."

Nikaipeleka kwenye duka nililoinunulia, mtaa wa Msimbazi. Muuzaji ni yuleyule aliyeniambia siku ile, "Ukipata tatizo lolote njoo, sisi ni ndugu." Safari hii aliangalia karatasi ya dhamana, akanirudishia. "Ilikwisha mwezi uliopita, mteja." Undugu nao ulikuwa umekwisha mwezi uliopita. Nikabaki nimesimama mlangoni kwake na mzigo wangu kwapani, napishana na wabeba mizigo wananifokea nisogee. Bila mashine hii sina kazi, Mama, na bila kazi nitarudi kwako mikono mitupu, waseme kanisani kwamba mwanao alikwenda mjini kubonyeza vidude.

Kuna jambo sijawahi kukuandikia. Nina upweke. Nyumba hii ya Magomeni ina vyumba sita na watu tele uani, lakini salamu zetu huishia "Mambo, Mangi?" "Poa." Huku kila Mchaga ni Mangi, awe na duka au asiwe nalo. Nimepewa uchifu bila hata raia mmoja. Kuna siku hujiuliza, nikiugua chumbani humu, nani atagonga mlango?

Basi jioni ile nilipoingia, mama mwenye nyumba, Bi Mwanahawa, alikuwa anapepeta mchele.

"Mangi, mbona mnyonge hivyo?"

Sikuwa na hamu ya maelezo. "Dhamana, Bi Mwanahawa. Nimetoka Msimbazi sasa hivi, wamekataa katakata. Kesho asubuhi narudi tena."

Akaweka ungo chini. "Masikini! Pole, baba." Nikaona huruma imezidi kidogo, lakini nikaenda zangu kulala.

Asubuhi nafungua mlango, namkuta Bi Mwanahawa kavaa baibui lake la shughuli. Pembeni yake Mzee Shomari, mpangaji wa chumba cha mbele, mlinzi wa ofisi moja mjini. Alikuwa ametoka lindo, macho mekundu, lakini kavaa kanzu iliyopigwa pasi.

"Twende," akasema Bi Mwanahawa.

"Wapi?"

"Kituo cha polisi, hapo Msimbazi. Tumeshaongea na mjumbe, sisi wawili tunatosha kumdhamini."

"Kumdhamini nani?"

"Si huyo ndugu yako waliyemshika! Tuambie basi anaitwa nani. Na wewe jina lako hasa nani? Afande hawezi kuandika Mangi."

Mama, hawakunijua jina. Walikuwa tayari kwenda kuweka sahihi zao kwa ajili ya ndugu wa mtu wasiyemjua jina.

Nikawaeleza kwamba hakuna aliyeshikwa, ni kompyuta. Mzee Shomari alicheka mpaka akashika ukuta. Bi Mwanahawa hakucheka.

"Kwa hiyo kompyuta nayo hudhaminiwa?"

"Ndiyo. Mwaka mmoja."

"Na mwaka ukiisha, hamjuani?"

Nikawaambia tu alichosema fundi, kwamba ikipata kioo kikubwa cha mezani, cha kompyuta za zamani, itaungwa kwa waya na kazi itaendelea. Mzee Shomari akakumbuka kwamba kwenye stoo ya ofisini kwao vipo, vinakaliwa na kuku. Ameshamwomba bosi wake. Hajajibiwa bado, na mimi bado sijui kama nitabaki. Niombee.

Jina niliwapa. "Aminieli," nikasema. Bi Mwanahawa akalijaribu, likamshinda mwishoni, akalikata. Jana nikiwa chumbani, nimejifungia na mawazo yangu, nikasikia ananiita kutoka uani, "Amini! We Amini! Njoo ule!" Nikaitika "Naam, mama," na sauti iliyonitoka ni ile ninayokuitikia wewe.

Msalimie baba mdogo, mwambie kahawa aivune, asiitazame. Msalimie dada Ndeshi na mwanawe, na mchungaji wetu, asisikie habari ya polisi.

Ukinijibu, Mama, juu ya bahasha andika jina langu zima, kama ulivyoniita mwenyewe. Nataka kulisoma.

Ni mimi mwanao,
Aminieli