Kundi Lako la Samaki Limesambaa Daraja Mbili

Daraja Mbili,
Arusha.
8 Juni 2025

Mpendwa mpwa wangu Nanyori,

Marahaba! Najua hujaniamkia bado, lakini shikamoo yako naipokea mapema isije ikachelewa njiani. U mzima huko Songea? Kifua kimepona? Wagonjwa wako wanakutii? Sisi wazima, ila baridi ya Meru inatutafuna masikio. Anti yako Aika naye mzima, na sauti yake pia.

Sasa tangi lako la samaki, maana najua ndilo unalolitafuta humu, si afya yangu. Lipo. Ila nusura tulizike.

Uliponiachia wale gapi sita na mimea uliyoiotesha tangu ukiwa Makumira, ulisema, "Mjomba, wasizidi." Nikacheka. Mtu niliyeendesha lori mpaka Lubumbashi nishindwe na samaki wa urefu wa kidole? Tena mimi ni Mwarusha, kwetu kundi likiongezeka mwenye boma anasifiwa. Nikawalisha asubuhi, mchana na jioni kama ndama. Mgeni akiingia, kabla ya chai anaonyeshwa kundi.

Kufika Pasaka maji yalikuwa supu. Samaki wamejaa kama kumbikumbi, midomo juu wanatafuta pumzi, mimea yako imeng'oka inaelea. Nikaanza kuokota maiti. Hapo kicheko kiliniisha, mwanangu. Nilijiuliza nitakutazama kwa uso gani.

Nikakumbuka ufundi wa babu yako: kondoo dume anafungwa ngozi tumboni asipande majike kabla ya msimu. Sasa gapi utamfunga wapi? Nikawatenga madume kwenye ndoo, nikatamba mtaa mzima kwamba nimeleta uzazi wa mpango. Majike wakazaa tena! Anti yako akachungulia, akasema, "Baba Lesian, kuna dume anaruka ukuta."

Nikaenda kwa Jayesh, rafiki yangu wa duka la vyakula vya mifugo, naye anafuga samaki. Alicheka mpaka akashika kaunta. "Lemburis, hawa si kondoo zako! Jike akipandwa mara moja anazaa miezi na miezi. Punguza chakula, bakiza madume. Na mtoni usiwamwage, utawaharibia samaki wenyeji wa huko." Sikumwambia kwamba ndoo ya kwenda mtoni ilikuwa tayari mlangoni.

Majike nimempa Jayesh. Ana samaki mkubwa anayemeza vichanga. Pole, najua roho itakuuma, hata yangu iliuma. Madume wa ziada nimewagawa tunavyogawa ng'ombe kwa marafiki: mnyama ni wako, mwenzio anachunga. Elinaza wa saluni anao, Ndesanjo fundi cherehani anao, hata mchungaji kaomba.

Kwako wamebaki madume wachache wenye mikia kama kanga za sikukuu, na yule jike wako wa kwanza mwenye jicho moja. Jayesh alimtaka, nikamwambia huyu hatoki. Akizaa, majirani bado wapo. Maji yametakata, na kishina kimoja cha mmea wako kilichopona kimetoa majani mapya.

Unajua mila: mwenye ng'ombe hapiti boma anakochungiwa bila kupewa maziwa. Kwa hiyo Desemba uje na njaa. Chai iko kwa Elinaza, makande kwa Ndesanjo. Uliondoka ukiwa na nyumba moja Daraja Mbili, mpwa wangu. Sasa unazo mtaa mzima.

Bibi Silantoi anakusalimu, Lesian pia. Mungu akufunike kama ukungu unavyoufunika mlima asubuhi.

Wako akupendaye, chakula nimepunguza ila upendo bado,

Mjomba Lemburis