Jiko Lako Limefika Mtoni

Mtoni, Jumapili mchana

Shikamoo Bibi,

Niliapa kukusimulia kila kitu, lakini kadi ni ndogo, basi pokea banda moja tu. Baba Mdogo amelijenga kwenye bustani ya jirani yake, watu waone namna ya kuishi bila kupoteza maji wala umeme. Kuta ni za udongo na hazifiki paani, nguzo ni mabaki ya mbao za karakana yake ya Keko, na maji ya kuoshea vyombo yanakwenda kwenye mchicha. Nje jua linachoma, ndani tulikula mihogo ya nazi bila jasho kututoka. Mama mmoja akauliza, "Fundi, feni umeificha wapi?"

Baba Mdogo akaonyesha uwazi chini ya makuti. "Ile pale, dada. Haili umeme."

Mie nikaropoka, "Mbona hili ni jiko la Bibi!" Wote wakacheka.

"Sasa ulidhani nimeliiba kwa nani?" akasema.

Lakini Bibi, Baba alisema akiuza korosho atalibomoa jiko lako, ajenge la tofali na bati. Baba Mdogo atanisindikiza kurudi huko, aliwekee mfereji wa kukinga maji ya mvua. Mjukuu wako Zuhura nakubusu mikono, na naomba unijibu upesi: jiko bado limesimama?