Chai Kidogo, Chai Kidogo Sana

Dada mshauri, hujambo? Nisaidie mwenzio kabla fundi rangi hajatukimbia. Mimi na mume wangu tumejenga baada ya miaka thelathini ya kupanga nyumba za watu, imebaki rangi ya sebule tu, na hapo tumekwama wiki ya tatu sasa, mimi nataka nyeupe iliyopoa na yeye anataka nyeupe iliyopoa kidogo zaidi, majina ya dukani hatuyajui, tunasema tu "tia chai kidogo" au "chai kidogo sana", na fundi kaandika hivyo hivyo kwa penseli chini ya viraka kumi na kimoja vya majaribio ukutani, jana akaniambia, "Mama, mimi niliyechanganya mwenyewe sioni tofauti." Sasa aibu yangu ni hii: kiraka cha tisa, alichokipigania mzee, nimekipenda tangu Jumanne ya juma lililopita, ila nimenyamaza, maana tangu astaafu alikuwa haongei, anakula, anashukuru, basi, lakini siku hizi kila jioni ananivuta mkono twende site, tunakaa juu ya ndoo za rangi, tunabishana, ananiita mkaidi wake, juzi kacheka mpaka machozi, akaagiza viraka viwili zaidi. Naogopa nikikubali atarudia kimya chake. Niendelee kukataa?

Mkaidi

Mkaidi, pole, ingawa nimecheka hadi wenzangu ofisini wakageuka. Ila una makosa, mama. Fundi wa watu anapoteza siku zake, nawe unamdanganya mumeo usoni huku umekalia ndoo.

Hebu fikiri. Mzee alishapata rangi yake kwenye kiraka cha tisa. Viwili zaidi vya nini? Mwenzio naye anavuta muda. Mko wawili mnaotaka kukaa pamoja, na kila mmoja anasingizia ukuta. Nimewaonea wivu, nakwambia ukweli.

Kesho asubuhi mwambie fundi apige cha tisa, mkono wa kwanza na wa pili, amalize. Jioni nendeni kama kawaida, hata kama rangi bado mbichi. Usianze kuzunguka na ubishi mpya wa mapazia. Mwambie, "Mume wangu, rangi niliikubali zamani. Nilikuwa nimekukumbuka wewe." Halafu, pamoja na ukaidi wako wote, nyamaza, umwache yeye aongee.