Neno la Siri Nililompa Mzee

Jumanne, mwezi wa saba. Upepo.

Dodoma leo ni vumbi tu tangu asubuhi, na baridi ile inayoingia hadi kwenye mifupa. Nimefunga madirisha yote ya chumba changu hapa Makole na bado meza imejaa mchanga. Mnaosoma hapa mmezoea kunisikia nikilalamikia maji na umeme. Leo namlalamikia mtu mmoja, naye ni mimi. Majina na baadhi ya mahali nimebadilisha.

Kwa asiyejua kazi yangu: tuko wanne, kila mtu anafanyia kazi nyumbani kwake. Tunapokea simu za wanawake waliokimbia vipigo, tunawatafutia pa kujificha na mwanasheria. Kila mmoja ana faili kwenye mfumo wetu wa mtandaoni, na humo tunaandika amefichwa wapi. Dada Happy, bosi wetu, yuko Arusha. Zaituni yuko Kondoa mjini. Elia yuko Mpwapwa. Sijawahi kuonana na hata mmoja wao ana kwa ana.

Msimamizi wa maneno ya siri ni mimi. Masharti niliyaandika mwenyewe nikayabandika kwenye grupu: kila mtu awe na neno lake, na usimpe mtu, hata awe mkubwa wako. Halafu mimi huyo huyo nikawapa wote neno moja, kwa sababu mtandao wa Zaituni ulikuwa unasumbua na Elia alikuwa anasahau lake kila wiki. Nikasema ni kwa muda tu, mwezi ujao tutapanga vizuri. Huo mwezi ujao umepita mara saba. Mganga hajigangi.

Alhamisi iliyopita alinipigia mzee mmoja. Sauti ya upole, Kiswahili cha darasani, na kwa mbali lafudhi ya kwetu Ugogo. Akasema ni mjumbe wa bodi, yuko safarini, anataka kuangalia ripoti moja kabla ya kikao na Zaituni hapokei simu. Bodi yetu sijawahi kuiona kwa macho. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo hapo? Wazazi wazima?"

Basi, nikawa nimekwisha. Mtu ameshaniulizia wazazi, nitaanzaje kumwambia athibitishe yeye ni nani? Nilijaribu, Mungu anajua. Nikasema taratibu haziruhusu, mzee wangu. Akacheka kidogo, bila hasira yoyote.

"Kwa hiyo unaninyima mimi, mwanangu?"

Niliona aibu jamani. Nikamtumia kwa meseji neno la siri pamoja na anwani ya mfumo, na nikamtakia safari njema.

Jumapili, baada ya ibada, wanaume watatu walifika Haneti kwenye nyumba ya mjane mmoja. Huko ndiko tulikomficha mwanamke nitakayemwita Joyce, na mtoto wake. Mjane anasema walibisha hodi kwa adabu, wakakaribishwa, wakanywa maji, kisha mmoja akasema amemfuata mke wake. Hawakuuliza njia kwa mtu. Walijua ni nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa bluu. Maelezo hayo niliyaandika mimi kwenye faili, ili ikitokea dharura polisi wasipotee. Joyce alimbeba mtoto mgongoni akaondoka nao bila kelele.

Jana alfajiri mjane akatupa habari. Nilifungua faili la Joyce, nikalinganisha namba. Ile iliyonipigia Alhamisi imo humo, Zaituni aliiandika zamani alipoiomba familia ya mume kadi ya kliniki ya mtoto: baba mkubwa wa mume, mwalimu mstaafu.

Saa tatu tukawa na kikao cha video. Mfumo unaonyesha Alhamisi kuna mtu aliingia, lakini kwa kuwa wote tunatumia neno moja, hauonyeshi ni nani, wakadhani ni mmoja wetu. Dada Happy akamgeukia Zaituni. Wewe ndiye uliyekuwa unaongea na ile familia, akasema, bila shaka ulitaja mahali. Zaituni akaapa wallahi, akalia mbele yetu, kamasi na machozi. Elia akainama. Mimi nikazima kamera na kuandika kwamba mtandao wangu unakatika.

Mtandao ulikuwa mzima.

Zaituni akasimamishwa kazi. Mchana, kwa ombi letu, mtendaji wa kijiji cha mume alikwenda kumwona Joyce. Joyce akajibu kwamba yuko salama. Mumewe alikuwa amesimama kando yake.

Asubuhi hii Zaituni amenipigia. Nilidhani amenishtukia. Kumbe alitaka msaada.

"Dada Upendo, wewe ndiye mtaalamu wa haya mambo. Angalia kama kuna namna ya kuonyesha si mimi. Ila huenda ni mimi kweli. Huenda Haneti ilinitoka mdomoni bila kujua. Nimejaribu kukumbuka kila neno, dada, nashindwa."

Nikamwambia pole. Pole! Mimi huyu nina ulimi wa kusema pole.

Sikuweza kula. Saa saba nikaandika kwenye grupu: Si Zaituni. Alhamisi nilimpa mtu neno la siri, akanidanganya ni wa bodi. Nikatuma kabla sijaanza kujitetea.

Dada Happy alipiga papo hapo. Nilijiandaa kwa matusi, na ningeyapokea.

"Upendo, ulimwambia Haneti, au ulimpa mfumo mzima?"

"Mfumo mzima, dada."

"Na neno umeshalibadilisha?"

Sikuwa nimelibadilisha. Ningelibadilisha jana, wangeuliza kwa nini. Niliogopa swali hilo kuliko nilivyomwogopa yule mzee. Nilielewa dada Happy anahesabu nini. Tangu jana wote waliamini ni mdomo wa Zaituni uliotaja mahali pamoja, kwa hiyo hakuna aliyewawazia wanawake wengine. Wako kumi na mmoja humo. Kila mmoja na kijiji chake na maelekezo ya njia. Nani anajua yule mzee amewaonyesha waume wangapi?

Neno nimelibadilisha sasa. Zaituni ameisoma meseji yangu, akaandika Alhamdulillahi. Nilingoja matusi yake pia. Dakika moja baadaye akaandika: nipeni majina ya upande wa Kondoa, nianze kupiga.

Tumegawana. Fungu langu ni wanne, na naandika hapa katikati ya simu kwa sababu nikikaa bure nitapiga mayowe.

Wa kwanza amepokea. Nikamwambia afungashe, ahame kabla jua halijazama, tunamtuma mtu wetu aje kumchukua. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama shule ya huko anakokwenda itampokea mwanawe katikati ya muhula.

Wa pili nimempigia mara sita. Hapatikani.