Mzee Mhina Mbaruku, Aliyeshusha Kitanda Akapakia Ua

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ya Ijumaa ulipotutoka, umelala ubavu wa kulia, mkono chini ya shavu, kama mtu aliyejinyoosha kidogo akisubiri chai. Leo wanao, wakwe zako na wajukuu zako tumekaa barazani kwako tukikutaja, na kadiri tunavyokutaja ndivyo shukrani inavyokipita kilio.

Tunashukuru kwa sauti yako ya alfajiri, "Mmeamkaje humo ndani?", kabla hujauona uso wa mtu yeyote. Tunashukuru kwa mikono yako, iliyochanjwa na miiba ya mkonge tangu ujana wako kwenye mashamba ya Korogwe, lakini ikajua kushika jani bila kulichubua. Na kwamba hukuwahi kufunika chungu mgeni alipopiga hodi.

Asiyekujua angeuliza, mzee wa Kizigua, mkulima wa mahindi na mtama, maua aliyatolea wapi? Desemba ile ya Uhuru ulikuwa Old Korogwe. Watu walicheza ngoma mjini huku mto ukifurika na kung'oa miti. Asubuhi ukakuta mkuyu umelazwa ukingoni, na juu ya tawi lake limeketi ua la manjano lenye madoa ya hudhurungi, halina habari kwamba mti wake umeanguka. Wataalamu huliita okidi. Wewe ulilifunga nyuma ya baiskeli na kulipeleka hadi kwetu, bondeni Handeni, ukamwambia Mama, "Mwaija, nimekuletea chui." Ndipo likaitwa ua la chui. Mama alilifunga kwa katani kwenye mkwaju nyuma ya jiko, nalo likashika.

Mama alipofariki tulimzika karibu na mkwaju ule. Tangu siku hiyo ulikuwa ukitoka shambani unapitia kwanza huko nyuma, ndipo unaingia ndani. Hatukukuuliza ulikuwa ukisema nini.

Kisha ukaja mwaka wa kuhamia vijijini. Kitongoji chetu kizima kilitakiwa kihamie kijiji cha Ujamaa kando ya barabara. Kaka Isihaka alihama na watu wake. Binti yako Mashavu alihama na mumewe, mtoto yuko mgongoni. Wewe ulibaki. Ilipotangazwa kwamba lori litarudi mara ya mwisho na nyumba zilizosalia zitabomolewa, Mashavu alimfunga mtoto mgongoni akarudi kwa miguu kukufuata.

Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kukuambia. Alipofika, akaona jinsi palivyokuwa kimya, hakuna jogoo wala moshi, kisima kimeondolewa kamba, maneno yote yakampotea. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda, umeugeukia mkwaju.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Kama umetumwa kunichukua, pumzika kwanza, halafu urudi salama. Mimi nina mtu hapa. Nikiondoka, nani atamtazama?"

Mashavu hakubishana nawe. Alimshusha mtoto, akatandika mkeka, akaanza kutafuta kuni.

"Unafanya nini?"

"Napika. Na sisi tunabaki."

"Mtoto atakunywa maji gani hapa?"

"Utakayokunywa wewe, Baba."

Ulimtazama mtoto, yule Mwaija mdogo mwenye jina la Mama, akitambaa kuelekea kigoda chako. Mashavu husema hajawahi kuuona uso wako ukipigana na nafsi yako kama siku ile. Mwishowe ulimnyanyua mtoto, ukampa mama yake, ukaingia ndani na kutoka na panga.

"Mfunge mgongoni," ulisema, "kisha unishikie ngazi."

Ulianza kulibandua ua taratibu pamoja na gome lake. Mashavu alidhani utalichukua lote. Ulilikata katikati. Nusu uliishusha, nusu ukaiacha mtini, ukasema kwa sauti ambayo hukumwelekezea yeye, "Hili lako."

Lori lilipofika, mgambo aliyekuwa akipakia, kijana aitwaye Semboja, alikunja uso. "Mzee, majani haya ya nini? Nafasi ni ya vyombo."

"Kimebaki chombo gani?"

"Kitanda hiki."

"Basi shusha kitanda."

Watu ndani ya lori walicheka, wewe hukucheka. Ulipanda, ukalipakata ua mapajani hadi kijijini, na msimu mzima ukalala mkekani.

Kijiji kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa mstari mmoja, watu wametoka huku na huku, kila mmoja na huzuni yake, na salamu zilikuwa za kuibia. Ulilifunga ua kwenye nguzo ya baraza, ukalimwagia maji asubuhi na jioni, maji yale yale tuliyoyachota mbali kwa ndoo. Hatukukukataza. Lakini kadiri ulivyolipenda ndivyo lilivyozidi kudhoofika. Mashina yakalainika, chini yakawa meusi. Wapita njia walianza kusema kwamba Mzee Mhina anafuga majani, na kwamba majani yenyewe yanamfia.

Aliyekuokoa ni Mama Naisula, Mmasai aliyekuwa akituletea maziwa. Siku moja aliweka kibuyu chini, akalikazia macho.

"Mzee, hii unaiua wewe mwenyewe."

"Mimi? Nalinywesha kila siku!"

"Ndiyo unaiua. Kule tunakochunga iko juu ya miti, jua kali, mvua hakuna miezi mingi. Nani anapanda kuinywesha? Na inaishi."

Mashavu alikuwa akipepeta mahindi, akasubiri ukasirike. Wewe ulipiga makofi na kucheka, mara ya kwanza tangu lori lile. "Kumbe mgonjwa alikuwa na daktari nje ya mlango!"

Siku ile ile ulipitisha kisu motoni, ukakata palipooza, ukapaka majivu kwenye jeraha. Ukatafuta gogo la mkwaju lenye gome la kukwaruza, ukalifunga ua juu yake kwa katani, ukalitundika linapopata jua la asubuhi na upepo. Hukulitia udongo. Ulituonyesha jinsi vijizizi vyake vinavyosimama kama sindano kudaka majani makavu yanayodondoka, ukasema, "Hicho ndicho chakula chake. Msilifagie." Maji ulilimwagia pale tu mizizi ilipokauka ikawa myeupe, na kiangazi ulilinyunyizia kidogo mno, hata Mashavu akakuonea huruma, maana alijua mkono unavyokuwasha kutaka kushika kata ya maji.

Miaka ikapita bila ua hata moja. Halafu, mvua moja ya vuli, likachanua lote, manjano na madoa yake, na harufu tamu ikavuka barabara. Watu waliokuwa hawatusalimii walisimama barazani. Ulilikata kipande, ukampelekea Mama Naisula mwenyewe, mpaka bomani kwao, na mumewe Koikai akakuchinjia mbuzi.

Kuanzia hapo kila aliyeomba ulimpa, na kila uliyempa ulirudi kumkagua mgonjwa wake, kama ulivyoita. Ukimkuta mtu amelitia kwenye kopo la udongo, unakaa chini, unalitoa, unaanza naye upya, huku mwenye nyumba akikueleza habari za kwao alikotoka. Ndivyo ulivyojua nyumba zote za kijiji, nasi tukajulikana kwa sababu yako.

Hata Semboja alikuja, kofia mkononi, akitaka kipande cha kumpelekea mkewe. "Mzee, kile kitanda..."

"Kitanda gani? Shika hili. Usilizamishe maji tu."

Mwaka jana ulipolala usiinuke tena, Kaka Isihaka aliandaa usafiri. Alikuwa na hakika utataka kurudishwa bondeni, ulazwe kando ya Mama. Alikuinamia akakuuliza kwa adabu, Mashavu amekushika kichwa.

"Mama yenu haniulizi nilipo," ulisema. "Nizikeni hapa, mnapopita kila siku."

Tukakuzika hapa. Walikuja watu wa mstari mzima wa nyumba, na Koikai na ndugu zake wakashika majembe pamoja na Waislamu wa kijiji. Mama Naisula aliketi na wanawake ndani, akamfunika Mashavu kwa shuka lake.

Ahsante, Baba, kwa kukubali kuja nasi. Tunajua uliacha nini.

Hitma itasomwa nyumbani kwako Ijumaa hii baada ya swala ya Alasiri, na majirani wote mnakaribishwa. Mwenyezi Mungu akulaze pema.

Wanaokukumbuka ni mwanao Isihaka na mkewe. Binti yako Mashavu na mumewe. Wajukuu zako, Mwaija akiwa wa kwanza wao. Ndugu zako wa Handeni na Korogwe. Na Koikai na Mama Naisula, walioomba majina yao yaandikwe pamoja na ya watoto.

Tunapita hapo kila siku, Baba, na kila tupitapo tunakusalimu.